Fidia imesitishwa kwa sababu ya jeraha la zamani: haki yako imeishia hapo?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 43, ni mpakiaji kwenye ghala la mkonge hapa Tanga. Mwaka 2018 nilianguka na bodaboda, mgongo ukauma kama miezi miwili, nikapona, nikafanya kazi miaka yote bila shida. Mwaka jana nikiwa kazini nasukuma robota kwenye toroli, gurudumu likanasa, robota likanielemea, nikasikia kitu kimeachia kiunoni. Toka hapo maumivu yanashuka mguu wa kulia hadi kidole gumba, na mguu una ganzi. WCF wamenilipa miezi tisa. Sasa nimeletewa barua kuwa malipo yamesitishwa kwa kuwa MRI inaonyesha 'mabadiliko ya muda mrefu ya pingili', na kwamba nafaa kwa kazi nyepesi. Mwajiri anasema kazi nyepesi hana: nirudi kupakia au niandike barua ya kuacha kazi. Ile ajali ya bodaboda sikuwaeleza wakati naajiriwa. Je, ndiyo basi tena?"*

Marahaba, ndugu yangu. Hapana, siyo basi tena. Ila muda umeanza kukimbia tangu siku uliyopokea barua hiyo, na kuna karatasi moja usiyotakiwa kuisaini kabisa kwa sasa: hiyo ya kuacha kazi. Nitaeleza kwa nini huko mbele.

Kwanza tutenganishe mambo, maana kwenye swali lako yamefungwa fundo moja. Kuna uamuzi wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wa kusitisha malipo. Kuna maoni ya daktari kuhusu mgongo wako. Na kuna mwajiri anayekusukuma utoke. Kila jambo lina mlango wake wa kubisha hodi. Wengi hupoteza haki kwa kupeleka shauri la Mfuko kwa mwajiri, au kwa kukaa wakisubiri Mfuko wakati mwajiri ameshawaondoa kazini na siku za kulalamika zimepita.

Sasa hofu yako kubwa, kwamba kwa kuwa mgongo uliwahi kuumia basi fidia haikuhusu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, haikuandikwa kwa ajili ya watu wenye migongo mipya tu. Inauliza kama ajali ilitokana na kazi na ilitokea ukiwa kazini, na kama imekuacha na ulemavu, wa muda au wa kudumu. Haihitaji hata uthibitishe kuwa mwajiri alizembea. Ngalawa iliyozibwa ufa mwaka 2018 na ikatoka baharini kila siku bila kuvuja, kisha ikagongwa na boti nyingine ikaanza kuingiza maji, hakuna fundi atakayelaumu kiraka cha zamani kabla ya kuangalia pale ilipogongwa.

Tena ukiitazama vizuri, hali yako ina jambo linalokusaidia. Miezi tisa ya malipo maana yake Mfuko ulishakubali kwamba ajali ilitokea na ilikuwa ya kazini. Mjadala wa leo ni mwembamba zaidi: je, maumivu na ganzi ulivyo navyo *leo* bado ni vya ajali ya robota, au ajali imeshapona na kilichobaki ni mgongo wa zamani? Jibu lako lote lilenge hapo. Usipoteze kurasa kueleza gurudumu lilivyonasa, hilo halibishaniwi.

Kwa mtathmini, mtu aliyeumia juu ya jeraha la zamani huangukia katika moja ya hali tatu. Ya kwanza, ajali iliamsha maumivu ya zamani kwa muda, kisha mtu akarudi pale alipokuwa siku moja kabla ya ajali. Hapo kusitisha malipo ni halali, hata kama mgongo bado unamsumbua kidogo, ikiwa ulikuwa unamsumbua hivyohivyo tangu zamani. Ya pili, ajali ilibadilisha mgongo na mabadiliko yamebaki: ganzi ambayo haikuwepo, mguu uliolegea, kazi ambayo haiwezekani tena. Hapa haki haiishi. Kama matibabu bado yanaleta nafuu inaendelea, na kama nafuu imefika mwisho wake, inahamia kwenye tathmini ya ulemavu wa kudumu. Ya tatu, maradhi ya zamani yangefika hapa hata kama robota lisingemwelemea. Barua yako inazungumza lugha ya hali ya tatu. Maelezo yako yanaelekea ya pili. Kinachoamua kati ya hizo ni ushahidi.

Kwenye ushahidi ndiko MRI, ile picha ya ndani ya mgongo, inakopewa uzito kuliko inavyostahili. Diski ni zile mito laini zilizo katikati ya pingili za mgongo. Kadiri umri unavyosogea hukauka, hupungua kimo, hutuna kidogo, na pembezoni mwa pingili huota vijiba vya mfupa. Huo ndio "mabadiliko ya muda mrefu". Ni kweli hayatokei kwa siku moja, na mtu akikuambia yote yamesababishwa na robota, usimwamini. Lakini kuwepo kwake hakuelezi nani anaumwa na nani haumwi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 *wasio na maumivu yoyote* ya mgongo, ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, asilimia 68 ya watu wa miaka 40, na asilimia 80 ya watu wa miaka 50. Kwa umri wako wa miaka 43, picha isiyo na uchakavu wowote ndiyo ingekuwa ya kushangaza. Wapakiaji wenzako walio hapo ghalani wakipigwa MRI leo, wengi wataonekana na mabadiliko hayohayo, na kesho asubuhi watakuwa kwenye zamu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: kuna neva iliyobanwa, na kubanwa huko kunalingana na dalili? Maumivu yanayoshuka hadi kidole gumba cha mguu kwa kawaida hufuata njia ya neva inayoitwa L5, ambayo mara nyingi hubanwa na diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Daktari anaipima pale pale bila mashine: unatembea kwa visigino, unainua kidole gumba yeye akikikandamiza, anakugusa kwa sindano upande wa juu wa unyayo kulinganisha miguu miwili, anakuinulia mguu ulionyooka ukiwa umelala chali na kuandika ni kwa pembe gani maumivu yanashuka. Kama kidole cha kulia kinainuka kwa nguvu pungufu kuliko cha kushoto, hicho ni kipimo kinachoandikwa kwa namba, na kina nguvu kuliko kusema tu "bado nasikia maumivu". Pale ambapo hali haijaeleweka, kipo kipimo cha umeme wa neva kinachoweza kuonyesha kama neva imeumia. Kama MRI inasema diski imetokeza upande wa kulia kati ya pingili ya nne na ya tano, na dalili zako ni za kulia na za L5, vitu hivyo viwili vinashikana mikono. Kama picha inaonyesha kushoto na wewe unaumwa kulia, jua kwamba hapo hoja yako imelegea.

Nisimame hapa kidogo kwa jambo lisilo la kisheria. Ukianza kushindwa kukojoa au mkojo kukutoka bila kujua, choo kukutoka, ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au miguu yote miwili kulegea, achana na barua zote uende hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Ni dharura ya upasuaji, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu usiorudi nyuma.

Turudi kwenye ushahidi. Silaha yako kubwa ni miaka kati ya 2018 na ajali ya robota. Unatakiwa kuonyesha ulikuwa mtu wa namna gani siku moja kabla: ulikuwa unafanya nini, kwa saa ngapi, kwa uzito gani. Robota la mkonge ni kilo 250; mtu mwenye neva iliyobanwa hasukumi toroli lenye mzigo huo zamu baada ya zamu kwa miaka. Kwa hiyo tafuta daftari la mahudhurio, hati za mishahara zenye malipo ya saa za ziada, na kumbukumbu za ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi). Kama kwa miaka hiyo hukuwahi kuchukua ED ya mgongo, hilo peke yake ni hoja nzito. Nenda pia pale ulipotibiwa mwaka 2018 uombe nakala ya faili lako, pamoja na picha ya eksirei kama ilipigwa. Wengi huogopa faili la zamani, wakidhani litawamaliza. Mara nyingi ndilo linalowaokoa, maana linaweza kuwa limeandikwa "maumivu ya misuli, hakuna ganzi mguuni, karudi kazini". Ila lisome kwanza. Kama linasema ulikuwa na ganzi ya mguu wa kulia tangu wakati ule, mkakati unabadilika: hoja yako itakuwa kwamba ilikuwa imeisha na ajali ikairudisha kwa ukali zaidi.

Upo pia ushahidi mwingine unaosahaulika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya na daktari kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapotoka. Kama mwajiri aliwapima, matokeo yako ya miaka kabla ya ajali yako kwenye kabati la ofisi ya utumishi. Yaombe kwa barua. Kama hakuwahi kuwapima, hawezi kusema kwa urahisi kwamba alijua mgongo wako ulikuwa mbovu.

Kuhusu kutokueleza ajali ya bodaboda: kunyamaza bila kuulizwa ni jambo moja, kuandika "hapana" kwenye fomu iliyokuuliza kama umewahi kuumia mgongo ni jambo jingine. Hilo la pili linaweza kutumika dhidi yako, hasa ikionekana jeraha lilikuwa kubwa. Angalia fomu yako ya ajira kabla ya kuandika chochote, na kama kuna "hapana" ya namna hiyo, muone mwanasheria kwanza. Kwa vyovyote, usiifiche sasa. Kwenye barua yako itaje wewe mwenyewe, mapema, kwa sentensi mbili: lini, ulitibiwa wapi, ulipona lini. Jeraha la zamani lililotajwa na mdai ni maelezo. Lililofukuliwa na mtathmini linamfanya atilie shaka na mengine yote uliyosema.

Kisha nenda kwa daktari na maswali yaliyoandikwa. Ripoti nyingi zinazoshindwa hazishindwi kwa kuwa daktari hakukubaliana na mgonjwa, bali kwa kuwa hakuulizwa kitu, akaandika mstari mmoja: "LBP (maumivu ya kiuno), apumzike, ED wiki mbili". Mpe barua ya Mfuko aisome, mpe na CD ya MRI yenyewe, siyo karatasi ya majibu tu. Muombe aeleze kwa maandishi: ugonjwa ni upi na neva ipi, ni mabadiliko yapi yanaonekana ya miaka na ni yapi yanaweza kuwa ya ajali, kwa kuzingatia kwamba kabla ya ajali nilikuwa napakia bila dalili, je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba dalili za leo zimetokana na ajali au zingekuja zenyewe, matibabu yaliyobaki yanaweza kuleta nafuu gani, na nisifanye nini kazini. Hilo la mwisho liwe kwa namba. "Kazi nyepesi" haina maana mpaka iandikwe asiinue zaidi ya kilo kadhaa, asisimame zaidi ya dakika kadhaa mfululizo, asiiname na kujipinda akiwa na mzigo. Daktari bingwa wa mifupa au wa neva anafaa zaidi. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na ikibidi omba rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili au hospitali ya KCMC, Moshi. Usimlazimishe daktari aandike asilimia mia ni ajali. Ripoti inayokubali kuwa uchakavu upo, kisha ikaeleza kwa nini ganzi ni mpya, ndiyo mtathmini anayoiamini.

Ukishakuwa na hayo, andika kwa Mkurugenzi Mkuu wa WCF ukiomba mapitio ya uamuzi. Usiporidhika na majibu, hatua inayofuata ni rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada yake Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Barua ya kwanza isingoje ripoti ya bingwa. Iandike wiki hii, useme unapinga uamuzi wa tarehe fulani wenye kumbukumbu namba fulani, na kwamba ripoti ya daktari inafuata. Ipeleke kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ndani yake omba pia nakala ya ripoti ya kitabibu waliyoitegemea. Huwezi kujibu usichokisoma. Ukiisoma, tazama vitu viwili: je, daktari aliyeiandika alikupima kwa mikono yake au alisoma karatasi tu, na je, alitaja miaka uliyofanya kazi bila dalili? Mara nyingi kimya kiko hapo.

Mwili wa barua usizidi ukurasa mmoja na nusu. Mfano wa kiini chake: "Sipingi kwamba nina mabadiliko ya pingili. Napinga kwamba ndiyo chanzo cha hali yangu ya sasa. Kuanzia mwaka 2018 hadi siku ya ajali nilifanya kazi ya upakiaji bila ED ya mgongo (kiambatisho A). Ganzi na udhaifu wa mguu wa kulia vilirekodiwa kwa mara ya kwanza baada ya ajali (kiambatisho B). Naomba malipo yarejeshwe, au nifanyiwe tathmini ya ulemavu wa kudumu." Hiyo "au" ya mwisho usiiache.

Sababu ni hii. Fidia ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara wa mwezi. Anayelipwa 360,000 hupata 252,000. Hulipwa kwa muda usiozidi miezi 24, na huisha mapema zaidi ukipona, ukirudi kwenye kazi yenye malipo yaleyale au zaidi, au ukihamishiwa kwenye ulemavu wa kudumu. Wewe uko mwezi wa tisa, hujapona, na kazini hujarudi. Lakini hata ukirejeshewa, malipo hayo yana mwisho. Kama neva haitarudi sawa, palipo na uzito ni kwenye tathmini ya kudumu: ulemavu wa asilimia 30 kushuka hulipwa kwa mkupuo, unaozidi 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Na jeraha la zamani linarudi tena hapo. Mtathmini anaweza kusema ulemavu wote ni asilimia 36 lakini 8 ni za zamani, ukabaki na 28, na pensheni ikageuka mkupuo. Akigawa hivyo, muulize kwa maandishi hizo 8 amezipimaje, maana mtu aliyekuwa anasukuma kilo 250 bila ED si rahisi kusema alikuwa na ulemavu. Kwa maumivu ya mgongo yenye neva moja iliyobanwa, usijenge matumaini ya kupita 30, wengi hawafiki.

Sasa mwajiri. Kusitishwa kwa fidia siyo kufukuzwa kazi, na Mfuko kusema unafaa kwa kazi nyepesi siyo ruhusa ya kukurudisha kwenye toroli. Ukirudi kupakia utaumia zaidi, na utakuwa umempa kila mtu hoja kwamba ulishapona. Ukiandika barua ya kuacha kazi, umeacha mwenyewe. Kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali kunakuwa kugumu mno. Badala yake mpelekee barua yenye masharti ya daktari, useme uko tayari kwa kazi yoyote inayolingana nayo, na utaje unazozijua: kuhesabu na kuandika marobota yanayoingia, kukagua lebo, mizani, geti. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya afya, aangalie chanzo na kiwango cha tatizo na kama inawezekana kumbadilishia kazi, na aliyeumia kazini anastahili juhudi zaidi. "Sina kazi nyepesi" inayosemwa kwa mdomo kwenye mlango wa ghala haitoshi. Aiandike.

Uliza pia siku zako za ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Kama hazijaisha, zinaweza kukusitiri wakati mapitio yanaendelea. Akikuachisha kazi, una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ambayo ina ofisi hapa Tanga. Migogoro mingine ya ajira ina siku 60. Lakini CMA haiwezi kurudisha malipo ya Mfuko, kwa hiyo usiache njia moja kwa kufuata nyingine.

Hutakiwi kwenda peke yako. Kama ni mwanachama wa TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani na kilimo, mwakilishi wa tawi akusindikize hata kwenye kupeleka barua. Afisa kazi wa mkoa anaweza kumwita mwajiri. Kwa asiye na uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Waulizie ofisi ya halmashauri. Wakili wa kulipa anahitajika zaidi pale utakapofika Divisheni ya Kazi, pale fomu ya ajira inapokuwa na ile "hapana", au ukishakuwa umesaini kitu. Na kama barua ya kuacha kazi umeshaiandika ukiwa umeshinikizwa, usione haya kusema. Kamuone wakili kesho asubuhi, ukiwa na tarehe na majina ya waliokuwepo.